Kisutu Kilichogeuka Kaniki

Leo nimeingia studio na kitambaa mkononi. Ninyi mnanisikia tu, hamkioni, kwa hiyo niwaeleze: ni kipande cha kisutu, urefu wake shubiri moja na nusu, kimechanika ukingoni, na kina doa la oili ambalo halijatoka pamoja na sabuni zote nilizokipitishia. Kisutu mnakijua, kanga ya bibi harusi: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hiki changu hakijatoka harusini. Nilipewa na nahodha mmoja wa Matemwe, kule kaskazini mashariki ya Unguja, naye alikuwa akifutia mashine ya boti.

Nimekuja nacho kwa sababu ya swali la msikilizaji mmoja. Amenunua kamera ndogo, zile za kufunga kifuani au kwenye kofia, akaenda kuzamia, na kila alichorekodi kimetoka kama amepigia ndani ya chupa ya soda, kijani kitupu. Anauliza aweke mipangilio gani. Setingi, kama vijana wanavyosema.

Mimi yalinifika hayo hayo. Tulikuwa tunakwenda kisiwa cha Mnemba, na kabla hatujafika kamba ya kamera yangu ikakatika. Nahodha akatazama huku na huku, akachukua tambara la mashine, akachana kipande, akaifunga kamera kwenye kiganja changu kwa fundo ambalo nilitaka kisu kulifungua. Nikashuka. Nikarekodi matumbawe, nikarekodi vitatange, nikamwona chewa mkubwa kajibanza chini ya mwamba, nikamrekodi yeye pia. Niliporudi juu nikamwonesha mzee kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Ncha ya kitambaa chake ilikuwa ikipeperuka mbele ya lenzi muda wote. Akatazama, akakunja uso, akasema: "Mwanangu, kisutu changu umekigeuza kaniki!"

Na kweli. Pale palipokuwa pekundu palikuwa na rangi ya tope, karibu na nyeusi. Nyeupe ilikuwa buluu. Kaniki.

Maji hunywa rangi, na huanza na nyekundu. Hata katika maji safi kabisa, yasiyo na chembe ya mchanga, ule mwanga mwekundu uliokolea ukishuka mita 5 tu umebaki kama moja ya tano. Rangi ya chungwa hufuata, kisha manjano. Buluu huendelea kushuka kama haikuguswa na kitu, ndiyo maana bahari ya mbali ni ya buluu. Macho yetu hayalalamiki sana, kwa sababu ubongo unajua kisutu ni chekundu na unakipaka wekundu wenyewe, kimyakimya. Kamera haijawahi kuhudhuria harusi ya Kiswahili. Inaandika ilichokiona.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunapima kina cha kushuka peke yake. Tunasema, mimi nilikuwa mita 5 tu. Lakini mwanga uliposhuka zile mita 5 ukampiga samaki, bado ulikuwa na safari ya kutoka kwa samaki kuja kwenye lenzi, na safari hiyo nayo ni ya majini. Samaki akiwa mita 4 mbele yako, mwanga umekwenda mita 9. Kwa hiyo mpangilio wa kwanza hauko ndani ya kamera. Uko kwenye miguu yako: sogea. Ukifika umbali wa mkono ulionyooshwa, umefuta mita 3 za maji bila kubonyeza kitu. Sogea taratibu, bila kumkimbiza mnyama na bila kukanyaga tumbawe, lakini sogea.

Kuna na jambo la kioo. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kamera, ukipita kwenye dirisha bapa, hupinda, na vitu vinaonekana vikubwa kwa kiasi cha theluthi moja. Upana wa picha yako unapungua. Ndiyo maana kamera ile ile iliyoonesha ufukwe mzima, chini ya maji inaonesha nusu ya mwamba. Chagua pembe pana, ile iliyoandikwa upana mkubwa kwenye menyu. Watu huiogopa kwa sababu inapinda kingo za nyumba na nguzo. Kwenye mwamba hakuna nguzo. Pembe pana ndiyo inayokuruhusu usogee karibu na bado samaki akaenea kwenye picha.

Tuje kwenye kamera yenyewe. Nick Woodman, Mmarekani aliyeanzisha GoPro mwaka 2002, alikuwa mtu wa kuteleza juu ya mawimbi, na alichotaka ni kamera itakayokaa kwenye kifundo cha mkono wake huku akiteleza. Ya kwanza, HERO ya 2004, ilikuwa ya filamu, ile ya mkanda wa kusafisha dukani. Ukoo wote wa kamera hizi umezaliwa juani, kwenye mwanga mwingi na mwendo wa kasi. Leo zinaingia majini, GoPro nyingi tangu HERO5 ya 2016 hufika mita 10 bila kasha, lakini akili iliyomo ndani imefundishwa zaidi na ulimwengu wa juu. Ukiiachia ikukisie kila kitu, inakisia kama mtu wa bara aliyeulizwa habari za bamvua. Kwa hiyo kazi yetu ni kuinyang'anya makisio, moja baada ya jingine, na kuiachia yale inayoyaweza.

Kisio la kwanza la kuinyang'anya ni lile lililoandikwa WB. Mimi naliita mizani ya weupe. Hapo ndipo kamera inapoamua ni kitu gani cheupe, kisha rangi nyingine zote zinapangwa kufuata hicho. Ukiiweka ijiamulie, utaona hivi: unarekodi mwamba, rangi ni nzuri, kisha unageuka kufuata kasa anayeelekea kwenye buluu tupu, na katikati ya picha hiyo hiyo kasa anabadilika kutoka hudhurungi kuwa zambarau. Kamera imebadilisha mawazo njiani. Kamera za miaka hii zimejitahidi, sikatai, lakini bado huyumba. Ifunge. Juu ya maji hadi mita chache, 5500 inatosha. Namba hizo ni za Kelvini, na ukiipandisha namba picha inapata joto, yaani wekundu na manjano. Ukishuka zaidi, panda hadi 6500 au zaidi kama kamera yako inafika huko. Hapa ndipo kipande hiki cha kisutu kinapofanya kazi. Tangu siku ile nakifunga mkononi kwa makusudi. Nikifika chini nakileta mbele ya lenzi kwa sekunde tano. Nyeupe yake inaniambia kama mizani imekaa sawa, nyeusi inaniambia kama vivuli vimezama, na nyekundu inaniambia ukweli ambao sipendi kuusikia.

Maana kuna kikomo. Wekundu ambao haukufika kwenye lenzi hautapatikana kwenye kompyuta. Vijana wa kuhariri watakwambia usijali, tutauvuta baadaye. Watavuta, na utakachopata ni chengachenga. Huwezi kukamua tui zito kwenye machicha.

Kisio la pili ni ISO, yaani kamera inavyojiongezea nguvu ya kuona gizani. Namba ikipanda, picha inang'aa, lakini chenga zinaingia kama televisheni ya zamani iliyogeuziwa antena. Kihisi cha kamera hizi ni kidogo, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hakina mbio ndefu. Kamera nyingi hukupa nafasi ya kuweka kiwango cha chini na cha juu. Chini weka 100. Juu, ukiwa karibu na uso wa maji jua likiwa kali, 400. Ukishuka mita 10 na zaidi, 800. Kupita 1600 mimi sipiti. Heri picha iwe na giza kidogo, giza ni la kawaida baharini, kuliko kumpaka chewa ngozi ya mchanga ambayo Mungu hakumpa.

Kasi ya shata naiachia kamera. Wataalamu wa filamu watanigombeza, kwa sababu kanuni yao ni kwamba shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu: ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, shata ni sehemu moja ya 60. Kanuni ni nzuri. Lakini majini mwanga unabadilika kila unapopita chini ya kivuli cha mwamba, na mikono yako ina kazi nyingine, mojawapo ikiwa ni kubaki hai. Ukishuka, kamera yenyewe itapunguza kasi na kuikaribia kanuni hiyo. Nachofanya ni kuipunguzia mwangaza kidogo, kwenye ile namba ya EV, nusu kipimo chini ya sifuri. Sababu ni kwamba kamera ikiona buluu nzito kila upande inadhani ni jioni, inafungua mlango wote, na mchanga mweupe na tumbo la samaki vinaungua vikawa karatasi tupu.

Fremu ngapi, sasa? Hili huulizwa sana na jibu lake ni fupi. Juu, penye mwanga, 60, ili ukitaka kupunguza mwendo baadaye uweze. Chini, penye mwanga hafifu, 30, kwa sababu kila fremu inapata muda mrefu zaidi wa kunywa mwanga. 120 na kuendelea ni za mchana kweupe. Kama kazi yako itakwenda kwenye kituo cha televisheni cha huku kwetu, tumia 25 au 50. Na zinakaa vizuri pia na taa za umeme wetu wa mizunguko 50, usije ukarekodi chakula cha jioni hotelini taa zikawa zinapepesa.

Ukali wa picha, ule unaoitwa shapu, shusha chini kabisa. Kamera ikinoa picha majini inanoa na kila chembe inayoelea. Bitireti, yaani wingi wa data kwa sekunde, pandisha hadi mwisho, maana maji yenye chembe na mwendo yanaishinda kamera kuyafinya, na ukiibania unapata vigae vigae kwenye buluu. Hiyo inataka kadi yenye alama ya V30 au zaidi. Rangi bapa zile zilizopauka, za kuhaririwa baadaye, waachie wenye kompyuta na subira. Kama video yako mwisho wake ni WhatsApp, chagua rangi ya asili, maana WhatsApp nayo itaifinya upya bila kukuuliza.

Kizuia mtikisiko nimebishana nacho sana. Juu penye mawimbi nakiwasha. Chini nakizima au nakiweka kiwango cha chini, kwa sababu kinakata kingo za picha, wakati kioo kimeshatupunguzia upana, na penye giza kinaacha ukungu wa mwendo unaotetema huku picha yenyewe imetulia. Maji yenyewe ni kizuia mtikisiko. Bana viwiko mbavuni, pumua polepole, picha itatulia.

Sasa kile kioo chekundu ambacho kila duka linakuuzia, kichujio. Watu hufikiri kinaongeza nyekundu. Hakiongezi kitu. Kinachofanya ni kuzuia sehemu ya buluu na kijani ili nyekundu kidogo iliyobaki isizidiwe. Yaani kinakula mwanga. Kati ya mita 5 na 15 hivi, maji ya buluu, jua kali likiwa nyuma yako, kinafanya maajabu. Ukikivaa juu kabisa, kila mtu anatoka kama kaungua na jua. Ukikivaa mita 25, umefunga dirisha usiku. Na kwenye maji ya kijani ni kelele tupu. Huko kinachotakiwa ni kile cha zambarau-nyekundu.

Nilijifunza hilo kisiwani Mafia. Nilikwenda Kilindoni msimu wa kaskazi, wakati papa potwe wanapokuja karibu na ufukwe kula uduvi. Nikashuka na mipangilio yangu ya Mnemba, kichujio chekundu mbele, najiona fundi. Maji ya Kilindoni msimu ule si ya Mnemba. Ni ya kijani, mazito kama uji wa mtama, na uzito huo ndio uliomleta papa, kwa kuwa ni chakula chake. Yeye yuko juu kabisa, kinywa wazi, mgongo karibu utoke nje. Nikarekodi mnyama wa urefu wa basi dogo akiwa na rangi ya nyanya iliyooza. Siku ya pili nikavua kichujio, nikaweka 5500, ISO mwisho 400, fremu 60, kizuia mtikisiko juu, EV nusu chini ili madoa yake meupe yasiungue pale jua linapomchezea mgongoni. Nikaanza kurekodi kabla sijaruka kutoka kwenye boti. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa, maana papa potwe anaonekana mvivu, lakini ukipoteza sekunde kumi kutafuta kitufe, umebaki unarekodi mkia. Na kioo cha kugusa hakigusiki majini. Maji yenyewe yanakigusa kila mahali kwa pamoja. Funga kioo, tumia vitufe, panga kila kitu ukiwa mkavu. Hata simu haitakusaidia, mawimbi ya Wi-Fi hufa ndani ya maji baada ya sentimita chache. Zima, okoa betri.

Na taa. Nasema taa ya kuwasha, si taa wa baharini. Ukipita mita 15, taa ndiyo njia ya kweli ya kurudisha nyekundu, kwa sababu unashuka na mwanga wako mwenyewe na safari yake ni fupi. Jacques Cousteau na wenzake walipotengeneza filamu ya Ulimwengu wa Kimya, iliyochukua tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, walishuka na taa kubwa za umeme, na wekundu uliojitokeza kwenye miamba ya gizani ndio uliowashangaza watu. Taa za leo zinaingia mfukoni, ila hazifiki mbali, mita moja hadi mbili. Ukiwasha, vua kichujio, funga mizani kwenye 5500, na iweke taa pembeni, urefu wa mkono kutoka kwenye lenzi. Ukiibandika juu ya kamera, inaangaza kila chembe iliyo mbele yako, kama vumbi unaloliona kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la makuti. Kwa papa potwe usiwashe kitu; mwache ale.

Saa nayo ni mpangilio. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana jua linapiga wima na mwanga unaingia. Saa kumi na moja jioni, ile saa nzuri ya picha za ufukweni, mwanga zaidi unateleza juu ya maji na kurudi angani. Na ulizeni maji. Maji yakijaa huleta bahari safi kutoka nje. Yakitoka hubeba mchanga na takataka za ndani, hasa wakati wa bamvua. Hakuna menyu ya kamera yenye jambo hilo. Nahodha analo.

Nusura nisahau kasha, na kasha ndilo lililonilia kamera yangu ya kwanza. Halikuwa kosa la kasha. Ule mpira mwembamba wa mlangoni, mafundi wanauita oringi, ulikuwa umelaliwa na unywele mmoja. Unywele wangu mwenyewe. Kwa mita 12 maji hupita juu ya unywele kama yamefunguliwa bomba. Sasa naupitisha mpira kati ya vidole, naupaka grisi yake ya silikoni kidogo tu, nautazama juani, ndipo nafunga. Ndani naweka vile vipakiti vinavyokuja kwenye sanduku la viatu, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na maji ya chini yana ubaridi, na lenzi hupata ukungu dakika ya kumi, siku zote pale pweza anapotoka shimoni. Ukirudi, iloweke kamera kwenye maji baridi. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza, mengine yana chumvi kama pale ulipotoka.

Nilirudi Mnemba na mzee yule yule miezi kadhaa baadaye. Saa tano asubuhi, maji yanajaa, kichujio mbele, mizani imefungwa 6500, ISO mwisho 800, fremu 30. Nikateremka hadi mita 9, nikaleta kisutu mbele ya lenzi, kisha nikasogea kwa yule chewa hadi nikaona vidoa vya kwenye mdomo wake. Tulipokuwa juu nikampa kamera atazame, nikangoja aniambie kitu kuhusu wekundu wa kitambaa chake. Hata hakukitazama. Alirudisha picha nyuma mara tatu, akainua kichwa.

"Huyu yuko mwamba upi?"

"Nahodha, pale ni hifadhi."

"Nimeuliza tu, mwanangu." Akakifungua kisutu kwenye kiganja changu, akafutia kijiti cha oili, akanirudishia, akaenda kuwasha mashine.